Shangazi Amemsamehe Mama kwa Kosa Langu

Admin, naomba jina langu lisitokee, na kijiji usikitaje. Newala inatosha. Pale panapotakiwa jina langu nitaandika Fulani.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mtoto wa kwanza wa mama yangu, naishi na kufanya kazi Masasi. Jumamosi hii tunamsomea mama hitma ya arobaini. Kwa kuwa kazi yangu ni ya kuandika, ukoo umenikabidhi wasifu wake, niuandike na niusome mbele ya watu.

Mengi ni rahisi kuandika. Mama hakuwahi kuajiriwa. Alilima, aliokota korosho, alilea watoto sita na baadaye wajukuu wanne walioachwa kwake. Alijua nani hali mlenda na nani akila kisamvu anaumwa tumbo. Mgeni akifika saa yoyote alikuta kitu jikoni. Na hakuna chakula kilichotoka jikoni kwake bila yeye kukionja kwanza na kukaa kidogo, akisubiri, ndipo apakue. Tulikua tukicheka jambo hilo.

"Dada, hilo la kuonja usilisahau," mdogo wangu aliniambia juzi kwenye simu. "Andika mama alikuwa mkaguzi wa serikali. Hata uji wa mtoto alikuwa anaukagua."

Nilicheka naye. Yeye hakuwa amezaliwa. Mimi najua mama alianza lini kuonja.

Nilikuwa na miaka tisa, mwaka wa njaa. Wakubwa wa kwetu wanaijua ndiga: kiazi cha porini chenye sumu. Unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unakiloweka siku kadhaa, na kila asubuhi unamwaga maji yale na kutia mapya. Penye mto kazi hiyo ni ndogo. Kwetu juu, miaka ile, maji tuliyafuata bondeni, tunateremka mteremko mkali na kupanda na ndoo kichwani. Kwenda na kurudi asubuhi nzima inaisha.

Mama aliitwa aende kijiji cha Chiungutwa kumuuguza bibi. Baba alikuwa shambani, analala huko kulinda mihogo dhidi ya nguruwe. Mama aliniachia ndiga kwenye chungu na ndoo mbili za maji.

"Haya ni ya kubadilishia chungu," alisema. "Ya kunywa utateka na wenzako."

Sikuteka. Niliogopa mteremko ule, na nilikuwa mvivu. Yale maji ya kubadilishia chungu tukayanywa, mengine nikaogea. Ndiga ikakaa kwenye maji yale yale siku tatu.

Mama aliporudi, kabla hajatua hata mzigo, aliniuliza, "Umebadilisha maji?"

"Nimebadilisha, mama. Kila asubuhi."

Ndiga huonjwa kabla ya kupikwa. Ikiwasha ulimi, inarudi kwenye maji. Siku ile mama hakuonja. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, watoto wana njaa, na mimi nilikuwa nimemjibu. Tulikula wote na tukatapika wote. Hamisi, mdogo wangu wa miaka mitatu, alifungwa mgongoni kwa baba, aliyeitwa kutoka shambani, wakaondoka kwa baiskeli kwenda zahanati. Baba alirudi naye amefunikwa kanga.

Upande wa baba walisema mama alimlisha mtoto ndiga mbichi kwa uvivu wa kuteka maji. Mama hakujibu. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo maisha yake yote waliomsema walimsema kwa jina langu: "Mama Fulani ndiye aliyeua." Kwenye shughuli zao, ngoma au harusi, hakupewa kushika mwiko. Alipewa vyombo aoshe. Nilimwona akiosha masufuria ya watu miaka zaidi ya thelathini, naye ndiye mpishi bora niliyepata kumjua. Baba amekufa akiamini hivyo hivyo.

Wiki mbili kabla mama hajafariki nilikuwa namkanda miguu. Nikaanza kusema, "Mama, ile ndiga..."

Akanikatiza. "Najua. Siku ya tatu ya msiba wenzako waliniambia hawakukuona bondeni wiki ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeolewa na nani? Ungeitwa nani? Mimi nilikuwa mtu mzima, na kuonja ilikuwa kazi yangu. Usiseme. Nimelibeba, limefika."

Nilidhani nitaweza kumtii. Lakini jana shangazi, dada yake baba, alikuja kwangu Masasi kuangalia wasifu umefikia wapi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa, akanywa chai.

"Andika vizuri, mwanangu. Mama yako alikuwa mtu," alisema. "Lile la ndiga liache. Sisi tulishamsamehe. Na siku hiyo nitasimama niseme mbele ya watu kwamba tumemsamehe, roho yake ipumzike."

Nikamwambia, "Ahsante, shangazi."

Nimeandika karatasi mbili, zote ziko kwenye mkoba. Moja inasema alionja kila chakula, basi. Nyingine inasema kwa nini. Nikisoma ya kwanza, mama atasamehewa hadharani kosa ambalo si lake, nami nitakuwa nimekaa pale naitikia amina. Nikisoma ya pili, nimevunja neno la mwisho aliloniagiza, na ule mzigo alioubeba tangu nina miaka tisa ili usinifikie nitakuwa nimeuchukua mwenyewe mbele ya wanangu na wakwe zangu.

Shangazi amesema atasimama mara tu nikimaliza kusoma. Wenye busara mliomo humu, mliozika mama zenu, niambieni: Jumamosi nitoe karatasi ipi?