Vifaranga wa Shamba la Ngano

Nilipokuwa mwalimu mgeni kule Gendabi, nikifundisha kilimo karibu na mashamba ya ngano ya serikali, dereva wa mashine ya kuvunia aliniletea vifaranga ndani ya kofia yake.

"Mama yao amekimbia mashine," alisema. "Utawaweza?"

Nikasema nitawaweza, maana siku nyingi nilitamani kujenga bruda, kile kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga. Nilizungusha mabati chakavu chumbani, nikatandaza makapi ya ngano, nikaning'iniza taa ya chemli katikati ili wapate joto.

Vifaranga wale walinishangaza. Pumba hawakutaka, lakini mchwa waliwagombania. Nikikohoa tu, wote walilala chini kimya kama mawe. Mabawa nayo yaliota upesi mno. Nilijiuliza kwa nini, kisha nikajijibu mwenyewe kwamba ni uzuri wa bruda yangu. Nikawaalika wazazi waje wajifunze ufugaji bora wa kuku.

Walikuja wengi. Nilimwamkia mzee mmoja mfugaji, naye akaitikia marahaba, nikamsogeza mbele aone vizuri. Nilieleza habari za joto, nikaeleza habari za mabawa, kisha nikafunua wavu uliofunika bruda.

Waliruka wote kwa pamoja, wakapita juu ya kichwa cha mzee, wakatokea dirishani na kupotelea kwenye mabua ya ngano.

Mzee alitazama dirishani, halafu akanigeukia kwa upole.

"Mwalimu," aliuliza, "hawa kwale wako huwa wanarudi saa ngapi?"