Mtoto wa Safu ya Tatu

Kipaza sauti cha ufukweni kilirudia tangazo mara ya tatu: msichana wa miaka mitano, nguo ya kuogelea ya kijani, anaitwa Ginevra. Nives Bertozzi alipita akichungulia chini ya kila mwavuli. Kwa miaka thelathini na minne amekodisha miavuli kwenye kipande hiki cha mchanga wa Romagna, pwani ya Italia, alichoachiwa na baba yake. Hajawahi kupoteza mtoto.

Loretta, bibi yake Ginevra, alisimama majini akiita. Familia yao hutoka Bologna kila Agosti na kukaa palepale: safu ya tatu, mwavuli wa pili. Nafasi hiyo haina hati, lakini ole wako umpe mgeni.

“Alikwenda chooni tu,” Loretta alisema. “Akaniambia, bibi, njia naijua, mimi si mtoto.”

“Bahari imetulia, dada. Mwokoaji anapiga makasia tangu saa nne, hajaona kitu.”

“Hajaona kitu ndiyo nini? Hayumo, au ameshazama?”

Nives aligeuka kuelekea ufukweni. Alikuwa akijiuliza hilohilo.

Ndipo alipoitazama miavuli yake ya buluu, mipya kabisa. Mwaka jana ilikuwa ya njano. Hapa kila mwenye ufuko ana rangi yake, na mtoto asiyejua kusoma huitambua familia yake kwa rangi. Ile ya njano Nives alimuuzia binamu yake Oriano, mwenye ufuko ng'ambo ya mfereji wa bandari.

Alimpigia Oriano simu. Haikupokelewa. Akakimbia pekupeku.

Ukingo wa mfereji hauna kizuizi. Mashua zilikuwa zinaingia, maji yakiwa meusi kwa mafuta. Nives alijilazimisha kutazama chini, hatua kwa hatua, akitafuta kitu cha kijani. Aliona chupa. Aliona mwani, akainama hadi alipohakikisha. Akavuka daraja.

Kwa Oriano, kwenye safu ya tatu, mwanamume mnene alikuwa amesimama kando ya kiti chake, gazeti mkononi, na msichana wa nguo ya kijani amekikalia.

“Mama, huyu wako? Ananifukuza. Anasema hapa ni kwa bibi yake.”

“Ni kwa bibi kweli,” Ginevra alisema. “Muulize Nives.”

Nives alimshika mtoto mkono, wakaondoka. Walipofika mferejini, mtoto akalalamika.

“Unaniumiza.”

“Najua,” Nives alisema, na hakulegeza.