Rafiki yangu kapandikiza nywele kimyakimya

Jamani, kuna mtu hapa ameshawahi kusalitiwa kwa sababu ya nywele? Mimi, leo.

Mimi na Festo wa Makambako tulianza kuota upara pamoja. Mwaka jana nilitaka kwenda Dar kupandikiza nywele. Festo akanikataza.

"Wakutoboetoboe kichwa kwa ajili ya nywele? Achana nao kaka, tupake dawa tu."

Nikamsikiliza.

Leo nimeshuka Makambako kutoka Njombe, tukakaa tunywe supu. Yeye kavaa kofia ya sufu. Sikushangaa, kwa baridi hii kila mtu anavaa.

Mhudumu akapita nyuma yake na sinia, akaigusa kofia, ikaanguka.

Kichwa kizima vidoti vyekundu! Vimepangwa kwa mistari kama miche ya misonobari kule Kifanya.

"Festo, nini hiki?"

"Nilienda Dar wiki mbili zilizopita."

"Si ulisema unaenda msibani? Na pole nikakupa!"

Akainama. "Ningekuambia ungetaka twende wote."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Watu wanatuita mapacha wa upara. Nilitaka nitoke peke yangu."

Nikainuka, supu nikaiacha.

Nywele ni zake, sina neno. Kinachoniuma ni kwamba juzi tu, vidoti vikiwa tayari kichwani, alinipigia kunikumbusha nisisahau kupaka dawa. Nami nikamshukuru.

Tangu nirudi Njombe amepiga mara tatu. Sijapokea.

Mngekuwa ninyi, mngepokea?