Kipande cha Kitenge Ndani ya Filtre

Haya yangu nitaisema mwenyewe mbele mwingine aiseme vibaya zaidi: kati ya Butembo na Kasindi hakuna mupumbavu mwingine (nimemutafuta sana) mwenye alifunga pumzi ya motere, injini ya jipu yake, kwa mukono wake, kisha akazunguka muji muzima akitukana fundi. Ata leo nikikumbuka, ninasikia hasira mpaka kwenye kucha.

Ilikuwa wakati wa vita, barabara ya Beni–Kasindi tunapita kwa convoi tu, musafara wa motokari, basoda (askari) mbele, basoda nyuma, na motokari yenye kuchelewa inatia batu bote hatarini. Donc nikaita Muhindo, fundi wa ordinateur (kompyuta) ya motokari, abadilishe programu ya motere ya jipu yangu ya kubeba abiria, ipate nguvu. Akamaliza, akasema: "Sasa turbo itavuta hewa mingi, Papa Kambale. Uchunge filtre, chujio ya hewa, vumbi iko mbaya."

Ni neno hilo tu! Mimi, mutu wa akili nyingi, nikaona kitenge kipya cha chorale, kwaya ya kanisa, cha muke wangu Kahindo, mwenye alikuwa ameenda kwao Masereka, nikakata kipande, nikakikunja mara mbili, nikakifunga kwenye mdomo wa filtre, ndani ya boîte, kisanduku chake. Kitenge kilichobaki nikakitupa kwenye choo (nilidhani nitanunua kingine mbele arudi. Nilidhani!).

Kahindo akarudi kesho yake, akatafuta kitenge, hakukiona. Mutu mumoja tu alikuwa ameingia nyumbani, Mama Masika, jirani, alikuja kuomba kinu. Kahindo akamuita mwizi mbele ya chorale nzima, na chorale ikamusimamisha kuimba. Na mimi? Nilikuwa ninajiongezea sombe kwenye sahani.

Sasa motere nayo ikaanza: unakanyaga, inatoa moshi mweusi, turbo haisukumi kitu. Nikamwendea Muhindo na kelele ya kuamsha Rwenzori. Akaangalia mipira ya hewa, akakaza vifungo, akarudisha programu ya zamani, bure.

"Papa, tufungue filtre."

"Hapana gusa filtre! Nilisoma mécanique cours du soir, masomo ya mangaribi, niko na diplôme, utanifundisha filtre?"

(Ukweli, akifungua, kitenge kitaonekana.) Muhindo akafunga ordinateur yake, akaenda zake.

Siku ya convoi, nani anapanda jipu yangu? Mama Masika, na maharage yake ya kuuza Kasindi. Ata salamu hakunipa. Kilima cha kwanza, jipu inatambaa kama kinyonga mwenye mimba, nyuma kamio, malori elfu moja, zinapiga honi, na shofere mumoja anapayuka: "Shuka, usukume na diplôme yako!" Mais hakuna mwenye alicheka, sababu pahali pale pori linagusa barabara, na kila mutu alijua batu bangapi hawakupita.

Soda mumoja akakimbia kwetu: "Papa, noki! Noki! Awa eza mabe!" Ni Lingala: haraka, hapa ni pabaya.

"Ni kosa ya ordinateur, chef..."

"Chef, afungue boîte ile ya filtre alimukatazia fundi," Mama Masika akasema. "Tutakufa hapa juu ya nini?"

Nikasimama mbele ya kapo, kifuniko cha motere, mikono wazi, kama kipa. Soda akanisukuma, akafungua, akavuta. Kikatoka kipande cha kitenge, cheusi na vumbi, mais ua la njano la chorale linaonekana vizuri kabisa.

Mama Masika akakichukua, akakipangusa na kidole.

"Kambale. Mwezi muzima siimbi. Batoto yangu banaitwa batoto ya mwizi. Na wewe ulijua?"

Nikarudi kwenye usukani, nikawasha, turbo ikapiga filimbi, jipu ikaruka kilima kama shetani ameona maji ya baraka, na hakuna mutu aliyenipongeza.

Siku ya Mungu, Jumapili, mbele misa ianze, Mama Masika akanitia kipande kile mukononi: "Eleza. Na sauti ile ile ulimutukania Muhindo." Nikaeleza, chorale nzima ikisikia. Mama Masika akarudi mahali pake kwenye chorale, na siku ile ni Kahindo alikosa sauti ya kuimba, kwa haya.

Toka pale, fundi akisema tufungue, ninafungua mbele amalize neno. Na kitenge? Mama Masika alikifua, anatembea nacho kwenye kikapu. Kila akipanda jipu yangu anakitoa, anapangusa kiti polepole, mbele ya abiria bote, kisha anakaa.

"Twende, Papa Diplôme."

Ninaenda.