Mgongo wa Baba

Kinu cha kuchambua pamba kilipofungwa kikawa kinangoja mnunuzi, mpiga picha mmoja mstaafu aliomba ghala lake, akatundika humo picha alizowapiga wafanyakazi zamani. Mama aliipata habari hiyo sokoni Mwaloni. Akarudi nyumbani, akaniambia nivae viatu.

Sikuwa na hamu. Miaka ile sisi vijana tulihangaika na mitumba na minofu ya samaki. Mambo ya kinu tuliyaona yamepitwa na wakati. Lakini Mama alitaka kitu kimoja tu: picha ya Baba. Ile ya harusi yao iliungua pamoja na nyumba, na Baba alifariki mimi sijaanza kutambaa. Ukutani kwetu kulining'inia kitambaa alichofuma Mama mwenyewe cha kupamba fremu ya marehemu, na fremu yenyewe haikuwepo.

Ghalani bado kulinuka mbegu za pamba. Mama alizipita picha za mameneja bila hata kuzitupia jicho. Karibu na mlango wa nyuma akasimama. Wapagazi walikuwa kwenye mstari, wamepigwa picha kwa nyuma, magunia kichwani.

"Huyu hapa," akasema.

"Mama, hata sura haionekani!"

"We angalia ngata."

Wenzake wote walibeba gunia juu ya kichwa kitupu. Yeye peke yake aliweka ngata ya kitenge, kama mwanamke anayetoka kuteka maji ziwani. Walimcheka sana, Mama alisema, naye hakuiacha kwa sababu mkewe ndiye aliyemsokotea.

Tulimwamkia mpiga picha, tukamweleza. Akajibu kwa upole kwamba picha haitoki mpaka maonyesho yaishe.

"Haya, baba," akasema Mama. Akatandika kanga sakafuni chini ya picha, akaketi. Kila mgeni aliyesogea alimkaribisha kana kwamba yuko sebuleni kwake. "Karibu. Huyo mwenye ngata ni mume wangu." Wawili watatu wakacheka. Nilipandwa na hasira, nikaketi kando yake.

"Leo hatutoki," nikamwambia.

Jua lilipoanza kushuka, mpiga picha alitikisa kichwa, akaenda kuleta ngazi.

Sasa kitambaa kina fremu yake. Wageni huuliza mbona marehemu ametupa mgongo. Mama hunishika kidevu, akanigeuza kwao.

"Sura yake hii hapa."