Mariam Poni na Hesabu ya Viatu

Mariam Poni amefagia ile bustani ndogo ya mji wa Koboko, Uganda, miaka sita, na hajawahi hata siku moja kujiuliza watu wanafuata nini pale. Mpaka Moris, ofisa wa mipango kutoka Arua, alipomletea daftari.

"Mama, hesabu watu wenye wanapumzika hapa, siku tatu. Tukiona bustani haisaidii mtu, itakuwa pakingi ya malori."

Malori, pale kwenye miarobaini yake! Mariam akashika kalamu.

Siku ya kwanza, watu thelathini. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, iko watu mia mbili kwa laini, wengine na kadi za ukimbizi mkononi.

"Kuna nini?" Mariam akauliza.

"Tunakuuliza wewe," akajibu Viktoria, muuza nyanya kutoka Sudan Kusini. "Unaandika watu. Ni maharagwe ama blanketi?"

"Ni kupumzika."

"Basi niandike. Na watoto wangu sita, nao wamechoka sana."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyetoka kwa laini. Huku kwetu ukionekana na daftari, wewe ni mtu wa mgao tu.

Mariam angeandika mia mbili, bustani ipone, yaishe. Lakini swali likamkalia kichwani: kati ya hawa wote, nani anapumzika kweli?

Siku ya tatu akaficha daftari ndani ya kitenge, akafagia huku anatazama. Laini ikayeyuka, wakabaki wale wa kila siku. Na ndipo akaona kitu alichokisogeza na ufagio miaka yote sita: viatu. Anayesubiri mtu anakaa navyo. Anayepumzika anavua. Sandali za mtu wa boda, raba za nesi aliyetoka zamu. Hata Viktoria, nyanya zilipoisha, akavua ndara akanyamaza saa nzima. Viktoria, kunyamaza!

Mariam akaandika kila jozi na muda wake.

Moris aliporudi jioni hiyo, akakunja uso. "Kumi na tisa? Nimesikia jana walikuwa mia mbili."

"Wale walifuata maharagwe. Hawa, soma masaa yao."

Moris akakaa kwa benchi, akasoma. "Huyu wa masaa manne ni nani?"

"Nesi. Kitanda iko nyumbani, lakini watoto pia iko nyumbani."

Moris akacheka. "Hii ndiyo napeleka Arua." Akafungua ukurasa mwingine, na bila kujua akalegeza kamba za kiatu, akatoa mguu mmoja, halafu wa pili.

"Ofisa, nirudishie daftari kidogo," Mariam akasema.

"Ya nini?"

"Iko jozi moja sijaandika."