Mluzi wa Garifalia

Kijijini kwetu mtu akiwa ng'ambo ya bonde na mbuzi wake, humwiti kwa makelele kama mlevi. Unampigia mluzi, maneno kamili, naye anakujibu. Ukiitwa kwa jina lazima ujibu, hata kama hampikiki chungu kimoja. Vijana wana simu zao. Waliobaki na mluzi wa kweli ni wachache, na Garifalia ndiye alikuwa kinara wao.

Kisha meno yake ya mbele yakang'oka, akawekewa ya bandia, na mluzi ukageuka upepo mtupu. Wifi yake Evanthia, naye mmoja wa wale wachache wa mluzi, hakumwonea huruma. Kila harusi alitutangazia kwamba bibi yule kazi yake sasa ni kunywa supu. Mimi jirani nilikuwa nikimsikia Garifalia zizini akijaribu, pfff, pfff, nikaona uchungu. Aliniambia kwamba bila mluzi anajiona kama amezikwa kabla ya kufa.

Mwezi wa tano kanisa likakodi basi. Asubuhi tukaona lango la simba wa mawe kwenye magofu ya Mikines, na baada ya mlo tukafika kwenye ukumbi wa kale wa maigizo wa Epidauros, ulio wazi juu, na ngazi za mawe za kukalia zinazopanda mlimani. Mtembeza wageni akasimama katikati, akachana karatasi, akasema hata aliye juu kabisa anaisikia. Juu kabisa alikuwepo Evanthia, anatafuna pai ya jibini.

"Wifi, usihangaike kupanda," alisema bila hata kupaza sauti, nasi sote tukamsikia. "Huku juu supu hakuna."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilitamani ile pai imkwame.

Garifalia akaenda hadi kwenye jiwe la katikati. Akatoa meno, akayafunga kwenye leso, akakunja kidole akakibana kwenye ufizi. Ukatoka upepo. Ukumbi ule hauna siri, upepo ukasikika hadi kwa watalii Wajerumani waliokaa pembeni. Nikainamisha kichwa kwa aibu niliyomwonea.

Akarudia. Safari hii ulitoka mluzi mwembamba, ukanyooka, ukapanda ngazi zote za mawe: Evanthia, teremka, unaitwa na mnywa supu.

Tukageuka sote kumtazama aliyeitwa. Evanthia akaweka pai chini, akafuta mdomo, akapiga wake: Nimesikia, nakuja.

Akashuka polepole na magoti yake mabovu, machozi yanamtiririka, na alipofika akamshika mwenzake mabega.

"Mwaka mzima napiga mlimani hakuna wa kunijibu, we mwanamke. Hasira zangu zilikuwa hizo."

"Ungeacha kunisimanga, ningekujibu mapema," Garifalia akasema, anacheka na ufizi wake wote.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mtembeza wageni akamwomba arudie, Wajerumani wapate kurekodi. Garifalia akakataa. Alisema yale yalikuwa mazungumzo ya familia.